Wasomaji Wanauliza: Theluji ya Kwanza, Msitu na Mbwa Mdogo

Theluji ya kwanza ikianguka, barua za mbwa huongezeka mezani kwetu. Wengi wenu mliohamia Maine, Vermont au Minnesota kutoka Bukavu, Bujumbura, Kigoma au Mombasa hamkuzoea mbwa wa kulala ndani ya nyumba, sembuse wa kuvalishwa koti. Sasa watoto wamemleta, au kazi imemleta, na anadai kutembezwa. Safari hii tumechagua maswali yanayohusu viatu vya theluji, yale mafremu mapana yanayofungwa chini ya buti ili mtu asizame, na mbwa wa kilo tatu hadi kumi anayetembea navyo njia za msituni. Majibu ni ya mwisho wa Novemba na mwezi wa Desemba. Januari ina baridi kali zaidi, ila mwanzo wa majira ndio wenye mambo mengi: theluji haba, unyevu, barafu changa, kupe na wawindaji, vyote kwa wakati mmoja.

*Hapa kwetu imeanguka inchi nne. Nimeshanunua viatu vya theluji na mbwa wetu ni Shih Tzu wa kilo sita. Twende msituni Jumamosi au tungoje?*
Msomaji wa Lewiston, Maine

Nendeni, lakini viatu vya theluji viacheni nyumbani. Inchi 4 ni sentimita 10, na theluji mpya iliyo nyepesi ukiikanyaga inabaki sentimita mbili au tatu tu. Chini yake kuna mizizi, mawe na visiki ambavyo bado havijafunikwa. Meno ya chuma yaliyo chini ya kiatu yatanasa kwenye mzizi, wewe utaendelea mbele, na kitakachoumia ni kifundo cha mguu. Ukibahatika utapinda meno au kuchana kitambaa cha katikati. Kwa theluji ya namna hiyo buti isiyopitisha maji inatosha, pamoja na ile minyororo midogo yenye mpira inayovutwa juu ya buti kuzuia kuteleza.

Viatu vya theluji anza kuvifikiria ikifika sentimita 15. Faida yake utaiona kwenye 20. Kipimo hicho, inchi 8, ndicho kinachotumika kisheria katika eneo la High Peaks la milima ya Adirondack, New York: ikishafika hapo, kila mpita njia anatakiwa avae viatu vya theluji au ski, zile mbao ndefu za kutelezea, ili mashimo ya buti yasiharibu njia kwa wengine.

Sasa pima upande wa mbwa. Kipimo chake ni kiwiko cha mguu wa mbele, ambacho kwa Shih Tzu kipo kama sentimita 12 kutoka chini. Theluji isiyokanyagwa ikiwa chini ya kiwiko anatembea. Ikipita kiwiko na kugusa tumbo, anaanza kurukaruka kama sungura, na kwa mbwa wa kilo sita hiyo ni kazi ya dakika chache kabla hajachoka na kulowa tumbo zima. Kwa hiyo theluji inayokufaa wewe tayari ni nyingi kwake, na safari yote itategemea njia utakayomkanyagia. Swali linalofuata linahusu hilo hilo.

*Nikitangulia, mbwa anakanyaga mikia ya viatu vyangu na mimi naanguka kifudifudi. Nikimweka mbele, anazama. Tumebaki kugombana njia nzima.*
Msomaji wa Portland, Maine

Kama njia imeshakanyagwa na kushikana, mbwa akae mbele, kwenye kamba ya mita moja na nusu hadi mbili, mahali unapomwona. Chini ya kiatu, usawa wa mpira wa mguu, yaani ile nyama nene iliyo nyuma ya vidole, kuna meno ya chuma, na unapokanyaga uzito wako wote uko juu ya meno hayo. Kidole cha mbwa kikiingia hapo, safari inaishia kwa daktari wa mifugo.

Kwenye theluji mpya, mkiwa wawili, mwenye uzito mkubwa atangulie, mbwa awe katikati, na wa pili ashike kamba nyuma. Anayetangulia afupishe hatua na aweke nyayo karibu karibu, moja ikigusa nyingine, ili kilichobaki nyuma yake kiwe mfereji. Akipiga hatua ndefu anaacha mfululizo wa mashimo, na mbwa mwenye miguu ya sentimita kumi na mbili atalazimika kuruka kutoka shimo hadi shimo. Chagueni pia njia ya kwenda na kurudi pale pale badala ya njia ya mzunguko. Theluji iliyokanyagwa ikikaa saa moja hivi, chembe zake zinaungana na kuwa ngumu, kwa hiyo wakati wa kurudi, mbwa akiwa amechoka, anapata barabara.

Ukiwa peke yako hakuna namna, mbwa akae nyuma. Funga kamba kiunoni, upande mmoja, uwe na mikono miwili kwa ajili ya fimbo. Kamba iwe na kipande cha mpira ili akisimama ghafla asikuvute mgongo. Amri ya "nyuma" mfundishe ndani ya nyumba kwanza, kwenye korido nyembamba: tembea polepole, akitaka kukupita teremsha ncha ya fimbo mbele ya pua yake, akibaki nyuma mpe punje ya chakula. Chakula kitolewe nyuma ya kisigino chako, hatua moja mbali, kwa sababu mbwa husimama pale alipozoea kulia. Ukimlisha ukiwa umemgeukia ataendelea kukubana miguuni. Viatu vyenye mkia mfupi vinasaidia. Inchi 22 ni bora kuliko 30 kwa msitu wenye miti iliyosongamana, mbwa awepo asiwepo.

Usirudi kinyumenyume hata hatua moja. Mkia wa kiatu huchimba theluji na kukuangusha chali, na mbwa yuko pale pale. Geuka kwa hatua ndogondogo za nusu duara. Kamba ile inayojiviringisha kwenye kasha usije nayo kabisa: uzi wake ukilowa unaganda, breki hazishiki, na mwembamba namna ile unazunguka kila tawi. Na kamba ifungwe kwenye mshipi wa kifuani, si shingoni, maana kuna siku utalazimika kumnyanyua juu ya gogo au kumtoa kwenye uwazi unaojificha chini ya matawi ya misprusi michanga, miti ya jamii ya misonobari.

*Shikamooni. Mbwa wetu ana manyoya marefu. Anatembea dakika kumi kisha anakaa chini na kuanza kuuma miguu yake. Nikikagua nakuta madonge ya barafu katikati ya vidole. Nimevuta moja likatoka na nywele, akalia sana.*
Mama mmoja wa Burlington, Vermont

Marahaba. Hili ndilo swali tulilopokea mara nyingi kuliko yote, na ndilo linalokatisha safari nyingi za Desemba.

Madonge hutokea theluji ikiwa na unyevu, yaani kuanzia nyuzi 0 za Selsiasi kushuka hadi kama −4. Joto la wayo linayeyusha theluji kidogo, maji yanashika nywele, theluji ya hatua inayofuata inashika maji, na kila akikanyaga anaikandamiza zaidi. Donge likishafika ukubwa wa gololi, vidole vimetanuliwa kwa nguvu na mbwa anatembea juu ya jiwe. Siku ya −12 theluji ni kavu kama unga na haishiki chochote. Ndiyo maana mbwa yule yule anaweza kukimbia vizuri katikati ya Januari na kukwama wiki ya kwanza ya Desemba, watu wakadhani ni uvivu.

Kuliondoa: usivute, na usikate kwa mkasi ukiwa njiani, kwa sababu ngozi ya kati ya vidole inavutwa ndani ya donge na huioni. Piga goti, vua glavu, likamate donge kati ya kidole gumba na cha shahada. Subiri mpaka uso wake uanze kung'aa kwa maji. Hapo libane kutoka pande mbili mpaka lipasuke, kisha vitelezeshe vipande kuelekea ncha za nywele kimoja kimoja. Mguu mmoja huchukua dakika moja au mbili, na vidole vyako vitauma baridi. Ndiyo gharama yake. Shanga za theluji zinazoning'inia kwenye mapaja, tumbo na kwapa ni rahisi zaidi: chukua ule waya wa kupigia mayai, upitishe kwenye manyoya kwa kuzungusha, shanga zinavunjika na kudondoka. Unachekesha ukitoka mfukoni, lakini unafanya kazi kuliko kitana. Kati ya vidole usiutumie.

Mkifika nyumbani, msimamishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika juu ya kifundo, dakika mbili au tatu, si maji ya moto. Kisha kausha kati ya vidole kwa taulo. Watu husahau hilo la mwisho, na nywele zikibaki na unyevu ngozi inaanza kuwasha na kuwa nyekundu.

Kuzuia kuna hatua tatu. Ya kwanza ni nywele. Kwa mkasi mdogo wenye ncha butu kata nywele zinazochomoza chini ya wayo, zilingane na nyama ya wayo, basi. Usichimbe ndani kati ya vidole. Nywele zilizobaki pale zinalinda ngozi.

Ya pili ni nta. Zinauzwa nta za mbwa zilizotengenezwa kwa nta ya nyuki na mafuta. Paka safu nyembamba dakika kumi kabla ya kutoka, iingie na kati ya vidole, na urudie baada ya saa moja hivi. Mafuta ya mgando ya kawaida yanasaidia kwa matembezi mafupi, ila sakafu itakuwa ya kuteleza. Marhamu ya watoto yenye zinki usiyaguse: mbwa atayalamba, na zinki ni sumu kwake.

Ya tatu ni vibuti, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa sababu ya kipimo. Msimamishe mbwa juu ya karatasi, nyanyua mguu wa pili ili uzito ushuke kwenye ule unaopimwa, chora mstari kuuzunguka. Kipimo kinachoamua ni upana, si urefu. Pima wa mbele na wa nyuma, maana kwa mbwa wengi wa mbele ni mpana zaidi. Mkanda wa kibuti ufungwe pale mguu unapokuwa mwembamba, juu ya wayo, na kidole chako kimoja kiweze kupenya chini yake. Wengi hukaza sana wakiogopa kitavuka, damu inapungua, na mguu unaganda ndani ya kibuti kilichonunuliwa kuuzuia usigande. Kibuti kinachovuka kila mara hakihitaji kukazwa; hicho ni kikubwa. Mzoeshe sebuleni dakika tano kila siku kwa wiki moja, na chakula kitamu mkononi. Siku za kwanza atatembea kwa vituko, mwache. Msituni vihesabu kila mnaposimama, na beba viwili vya akiba. Kikiingia maji kivue, kwa sababu kibuti kilicholowa ni kibaya kuliko mguu mtupu.

*Nyuzi ngapi ni baridi mno kwa Chihuahua mwenye nywele fupi?*
Msomaji wa Ottawa

Namba moja haipo, lakini kwa mbwa wa chini ya kilo kumi mwenye nywele fupi tunakwenda hivi: koti kuanzia nyuzi 7 kushuka, chini ya 0 matembezi yawe ya nusu saa na asisimamesimame, ikifika −7 atoke kujisaidia na kurudi. Mwenye manyoya ya tabaka mbili, kama Pomeranian, anavumilia zaidi. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, hivyo joto linatoka upesi, na tumbo lake liko sentimita chache tu juu ya theluji. Unyevu na upepo vinaharibu hesabu yote: −1 na theluji ya maji ni mbaya kuliko −6 kavu bila upepo.

Koti lifunike tumbo. Yanayofunika mgongo peke yake ni ya picha. Lisipitishe maji, lifike mwanzo wa mkia, lisisugue kwapa. Likilowa mpaka ndani livuliwe, kwa hiyo beba la pili.

Dalili huja kwa mpangilio. Kwanza anatetemeka, ananyanyua mguu mmoja mmoja, anakunja mkia, anageuka kutazama mlikotoka. Hapo ndipo pa kurudi. Akiacha kutetemeka huku bado yuko baridi na amelegea, usifurahi: mwili umeishiwa nguvu ya kujipasha, na hiyo ni dharura. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2, chini ya 37 apigiwe simu daktari. Njiani mkaushe, mweke ndani ya koti lako akiwa amegusa mwili wako, kichwa nje. Chupa ya maji ya moto izungushiwe kitambaa kwanza, maana ngozi iliyopoa haisikii ikiungua. Ncha za masikio au mkia zikiwa nyeupe au za kijivu na ngumu, usizisugue. Zipashe kwa maji ya uvuguvugu mkiwa mahali ambapo hazitaganda tena, kisha muone daktari.

Maji ya kunywa abebewe. Kula theluji kunampoza kutoka ndani. Chupa ya nusu lita yenye maji ya vuguvugu, ndani ya soksi nene, igeuzwe kichwa chini: barafu huanzia juu, hivyo mdomo utabaki wazi.

*Njia yetu inapita kando ya ziwa na mbwa anapenda kukimbilia kwenye barafu. Inaonekana ngumu.*
Msomaji wa Minnesota

Mfunge kamba kabla hamjaliona ziwa. Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri barafu mpya iliyo angavu iwe angalau inchi 4, sentimita 10, kwa mtu anayetembea kwa miguu. Barafu nyeupe yenye theluji ndani yake ni dhaifu, ihesabu nusu ya nguvu. Mwanzoni mwa Desemba sehemu nyingi bado, na theluji iliyolala juu inazuia baridi isiingie, kwa hiyo barafu hukawia kunenepa huku ukiiona nyeupe na imara. Pembeni mwa vijito, chini ya madaraja na mahali penye matete usiamini kabisa.

Hatari yenyewe ni uzito. Mbwa wa kilo sita atapita mahali ambapo wewe wa kilo themanini hutapita, atasimama katikati akikuangalia, na wewe utamfuata. Akizama usiingie, hata kama moyo unakutuma. Piga 911, mwite kwa sauti ya furaha uelekee upande alikoingilia, maana barafu ya upande huo ilikwisha kumbeba. Kama yuko karibu, lala kifudifudi ukingoni na umsogezee tawi refu au fimbo unase mshipi wake. Viatu vya theluji uwe umeshavivua. Mtu akizama navyo miguuni hawezi kuogelea.

*Kuna wanyama au mitego ya kuogopa? Watoto wanaambiwa shuleni habari za koyote.*
Msomaji wa Auburn, Maine

Koyote ni mkubwa kuliko bweha tunayemjua, na mbwa mdogo aliyeachiwa anaweza kuwa chakula chake. Akionekana, mnyanyue mbwa, piga kelele, ondokeni taratibu bila kukimbia. Kwa mbwa aliye kwenye kamba fupi si jambo la kukosesha usingizi.

Ogopeni zaidi watu. Novemba ni msimu wa bunduki kuwinda kulungu katika Maine, na wenye bunduki za kushindilia baruti huendelea mpaka Desemba. Vaeni rangi ya machungwa inayong'aa, kofia na fulana, na mbwa pia: mnyama mdogo wa rangi ya kahawia anayekimbia vichakani haonekani kama mbwa. Jumapili Maine hairuhusu uwindaji, kwa hiyo ndiyo siku nzuri. New Hampshire na Vermont wanawinda hata Jumapili, msivuke mpaka mkidhani sheria ni moja. Mitego ya kunasia wanyama wa manyoya nayo huwekwa kipindi hiki, na chambo chake kinamvutia mbwa pia. Mtego wa kubana mguu unafunguliwa kwa kukandamiza vishikio viwili vya pembeni kwa pamoja, ukitumia miguu yako. Ile ya kubana mwili ni ya kuua, na kwa mbwa wa kilo sita muda hautoshi. Kamba ndiyo kinga.

Nungunungu wa huku ana miiba yenye vijino vidogo vinavyoelekea nyuma, hivyo inazama ndani badala ya kutoka. Usiikate, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Na kupe! Watu huacha dawa Oktoba wakidhani baridi imewaua. Kupe wa kulungu, anayebeba ugonjwa wa Lyme, akiwa mkubwa hutembea vuli yote na siku yoyote ya majira ya baridi yenye nyuzi kama 4 au zaidi, mradi majani hayajafunikwa na theluji. Theluji haba ya Desemba maana yake majani yapo wazi. Kagua masikio, kwapa, chini ya ukosi na kati ya vidole. Ukimkuta kupe, mbane karibu na ngozi kwa kibanio chenye ncha, mvute moja kwa moja bila kumzungusha.

*Nina kilo 82. Duka linaniambia inchi 30. Ni sawa?*
Msomaji wa Manchester, New Hampshire

Jumlisha kwanza: wewe 82, nguo na mkoba 6, mbwa 6 siku utakayombeba, jumla 94. Kwa viwanda vingi inchi 25 hubeba mpaka kilo 90 hivi na inchi 30 hadi kama 113, kwa hiyo muuzaji hajakosea kwa theluji nene. Lakini kwa njia zilizokanyagwa za mwanzo wa majira tungechukua 25 na kukubali kuzama kidogo. Unapofunga, mpira wa mguu ukae juu kabisa ya ekseli, yaani ile bawaba ambapo kiatu huinamia, na vidole visigonge kitambaa cha mbele kiatu kikiinama. Vifungo vya mikanda viwe upande wa nje wa kila mguu, la sivyo vitanasana.

*Namlea bibi mmoja nyumbani kwake na mbwa wake mzee ni sehemu ya kazi. Napewa saa mbili mchana. Zitatosha? Na ni wapi wanaruhusu mbwa?*
Dada wa Portland, Maine, asili yake Tanga

Zinatosha, dada, kama utatembea saa moja tu. Vaa na vua, kukausha na kukagua miguu vinakula dakika nyingi kuliko unavyofikiri. Mwendo wa viatu vya theluji kwenye theluji mpya ni kama kilomita mbili kwa saa ukiwa na mbwa mzee, basi kwenda kilomita moja na kurudi ndiyo safari. Geuka saa yako ikisema dakika 25. Usimsubiri mbwa aseme amechoka, kwa kuwa akisema hivyo bado kuna nusu ya njia. Katikati ya Desemba jua la Portland linazama kama saa kumi na dakika tano jioni, na chini ya misonobari giza linaanza saa tisa na nusu. Taa ya kichwani iwemo mkobani hata mkitoka saa sita mchana, na simu iwe mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi inamaliza betri.

Bradbury Mountain, huko Pownal, si mbali kwa gari, na mbwa wanaruhusiwa wakiwa kwenye kamba. Acadia, hifadhi ya taifa ya Maine, nao wanaruhusu, kamba isizidi mita 1.8, mkikuta mistari miwili ya ski imechorwa kwenye theluji, tembeeni pembeni yake. Baxter State Park hairuhusu wanyama wa kufugwa kabisa, usijisumbue.

Kabla ya kumrudisha kwa bibi, osha miguu yake chumvi ya barabarani. Inachoma nyufa za wayo, na akiilamba inamtapisha. Madimbwi ya kijani au ya waridi kwenye maegesho mpitishe mbali. Hayo huweza kuwa maji ya rejeta, ni matamu, na vijiko vichache vinaua mbwa mdogo.

*Nimepata viatu vya theluji vya mbao na ngozi kwenye mnada wa mtaani, dola kumi. Vinafaa au ni vya kutundika?*
Msomaji wa Lewiston, Maine

Huenda vinafaa. Maine ilikuwa nyumbani kwa kazi hiyo: kampuni ya Tubbs ilianzia mji wa Norway mwaka 1906, na Norway hii ni mji mdogo wa Maine, si nchi. Fremu ni mti wa ashi uliopindwa kwa mvuke. Kagua pale ulipopindwa mbele kama kuna ufa unaofuata nyuzi za mti. Kandamiza wavu wa ngozi kwa kidole gumba: ukinesa kama ngoma ni mzima, ukibonyea umelowa au umechakaa. Tafuta mahali panya walipotafuna. Kama ni vizima, sugua kidogo kwa msasa laini, paka vanishi ya kustahimili maji tabaka mbili, ukiacha ya kwanza ikauke kabisa, na ununue mikanda mipya, kwa kuwa ile ya zamani ndiyo hukatika kwanza.

Kasoro yake kubwa ni kwamba havina meno. Kwenye theluji laini vinaelea vizuri kuliko vya alumini, lakini Desemba mvua ikinyesha juu ya theluji na kuganda, vinateleza kama sinia, na mbwa akivuta kamba kwenye mteremko utajuta. Vitumie tambarare. Baada ya matembezi vikauke polepole, mbali na jiko, na vitundikwe juu. Ngozi hiyo mbichi ndiyo ile ile inayouzwa madukani kwa mbwa kutafuna, na mbwa wako hataona tofauti.